Makala ni ya Mwandishi, Mbona Jina ni la Mhariri?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhariri wa zamu katika jarida la mtandaoni lenye ofisi hapa Ngara. Waandishi wetu wengi hawaji ofisini. Hutuma makala kwa WhatsApp kutoka Kayole, Rongai na kwingineko, nami nayapakia kwenye mfumo wa tovuti yetu. Juzi msichana aliyeandika kuhusu wachuuzi wa Gikomba alinipigia simu akilia, kwa maana makala yake yalitoka kwa jina langu. Mfumo ulijiwekea wenyewe. Nikitaka kubadilisha, nakuta orodha ndefu ajabu: nusu ni watu walioondoka zamani, akina Kamau wako wawili, na kuna "Admin" ambaye hakuna anayemjua. Makala yakiandikwa na watu wawili, linakubalika jina moja tu. Fundi ameniuliza arekebishe nini. Nimwambieje?
Mhariri wa zamu, Ngara

JIBU: Marahaba, ndugu mhariri. Kwanza mrudishie huyo msichana jina lake leo hii, kabla hujamaliza kusoma jibu langu.

Kisha mwambie fundi atenganishe mambo mawili ambayo mfumo wenu umeyafanya kuwa kitu kimoja: akaunti ya kuingilia mfumoni, na jina analolisoma msomaji juu ya makala. Akaunti ina nywila na ruhusa ya kuhariri. Jina la mwandishi halihitaji nywila yoyote. Mifumo mingi ya aina hii ilitengenezewa wanablogu, ambao huandika na kuchapisha wenyewe, ndiyo maana hudhani aliyebofya ndiye aliyeandika. WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti ulioanza mwaka 2003, hadi leo kwa kawaida yake hutunza mwandishi mmoja kwa kila makala, naye ni lazima awe na akaunti. Kama ndiyo mnayotumia, kuna programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye mfumo, iitwayo Co-Authors Plus. Inakubali waandishi kadhaa kwa makala moja, na hata waandishi wageni wasio na akaunti.

Kisanduku cha mwandishi kianze kikiwa kitupu, na kitufe cha kuchapisha kikatae kufanya kazi mpaka mtu achague jina. Najua wahariri watalalamika. Wacha walalamike. Mwandishi wa kujitegemea jijini humu hana barua ya ajira wala hati ya mshahara, na akienda kuomba kazi kwingine, anachoonyesha ni ukurasa wenye jina lake na yale aliyoandika. Makala ya Gikomba yakikaa chini ya jina lako, kwake ni kama hakuwahi kufika sokoni. Kwa sababu hiyo kisanduku chenyewe kisifichwe pembeni kwenye mipangilio. Kikae chini ya kichwa cha makala, palepale jina litakapotokea.

Orodha ndefu iondolewe. Uandike herufi mbili tatu, majina yajitokeze, kila moja na picha ndogo na dawati lake, umwone Kamau wa michezo na Kamau wa biashara. Walioondoka wasijitokeze, ila makala yao yabaki na majina yao.

Sasa majina yenyewe, na hapa naomba fundi atulie asikilize. Fomu nyingi hutaka "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Sisi tuna wa, ole, arap, bin na binti. Msomali hufuatanisha jina lake, la babake na la babu. Ukimkata vipande Ngũgĩ wa Thiong'o, mfumo utampanga kwenye T, ilhali maktaba humpanga kwenye N, kwa kuwa Thiong'o ni babake. Kiwe kisanduku kimoja, mtu aandike jina lake lote anavyotaka lisomwe. Pawe pia na nafasi ya majina ya awali, kwani Ngũgĩ huyohuyo alichapisha vitabu vyake vya kwanza, miaka ya 1960, kama James Ngugi. Watu hubadili majina, na kazi zao za zamani hazipaswi kuachwa yatima.

Kuna na ritifaa, ile alama (') iliyo ndani ya jina. Andika Ng'ang'a kwenye kompyuta, mara nyingi utapata alama iliyonyooka. Baadhi ya simu huipinda zenyewe. Kwa macho yako ni jina lilelile. Kwa mashine isiyofundishwa ni watu wawili, kila mmoja na ukurasa wake, na nusu ya kazi za Ng'ang'a hazionekani. Fundi aulazimishe mfumo ugeuze alama zote ziwe aina moja kabla ya kuhifadhi, na anayetafuta "nganga" au "ngugi" ampate mtu wake bila kuhangaika na ritifaa wala ũ.

Vyeo msiviandike ndani ya jina. Maelekezo ya Google kwa wachapishaji yanataka jina liwe jina tu, bila cheo, na waandishi wawili wasibanwe katika sehemu moja.

SWALI: Mwalimu, nimeacha kazi kwenye tovuti fulani nao wanataka kufuta akaunti yangu. Makala yangu yatapotea?
Msomaji, Umoja

JIBU: Inategemea atakayebofya. Kwenye WordPress, anayefuta akaunti huulizwa kama makala yafutwe nayo au yapewe mtu mwingine, na njia zote mbili zinakuumiza. Waombe wasifute. Wabadilishe nywila, wakushushie ruhusa hadi ya msajiliwa wa kawaida, na jina lako litabaki juu ya kazi zako. Ikiwa walishayahamishia kwa mwingine, wapelekee orodha ya vichwa na tarehe, uwaombe wayarudishe kwako kama mwandishi mgeni.