Barua kwa mwanangu: “in” iliyo kwenye lori lako

Mwanangu,

Salamu kutoka Njoro. Sisi tu wazima, mvua imeshika na mahindi yanapendeza. Ujumbe wako niliupata. Unasema lori lako la mafuta limeandikwa “inflammable”, lile lililokufuata kwenye foleni ya depo pale Kisumu limeandikwa “flammable”, na tanboi wako ameshikilia kwamba lenu ndilo lisiloshika moto, kwa kuwa “in” hukanusha.

Yote mawili yanashika moto, tena vibaya. Sigara aivutie mbali.

Lakini tanboi hakubuni. Miaka yote niliyofundisha Kiingereza, hiyo ndiyo kanuni tuliyoandika ubaoni: “visible” ni kinachoonekana, “invisible” kisichoonekana. Hata ikivaa sura ya herufi inayoifuata ni ileile: “impossible”, “illegal”, “irregular”. Sasa, Kilatini kilikuwa na “in” mbili. Moja ya kukana, nyingine ya kuingia ndani, ile ya “import” na “inhale”. “Inflammable” imezaliwa na hii ya pili, kwenye kitenzi “inflammare”, yaani kuwasha moto. Sisi wenyewe tunazo za namna hiyo: “ji” ya “jitu” hukuza, “ji” ya “anajisifu” humrudia mtendaji, na hakuna mtoto wa Nakuru anayezichanganya.

Wazungu wao walichanganyikiwa. Huko Marekani, miaka ya 1920, National Fire Protection Association, chama cha kujikinga na moto, ilihimiza watu waandike “flammable”, kwa kuhofia wasomaji kama huyo tanboi. Kinyume chake kikawa “nonflammable”. Nyinyi barabarani msitegemee maneno. Tazameni ile alama nyekundu ya pembe nne yenye mwali na namba 3: ndiyo alama ya kimataifa ya vimiminika vinavyoshika moto. Mkiona namba 1203 kwenye lori, hiyo ni petroli.

Kwa upande wangu, naamini mkia wa neno kuliko kichwa chake. “-able” ni kama “-ika” au “-eka” yetu: “washable” kinafulika, “readable” kinasomeka, “portable” kinabebeka. “-less” ni kukosa, ingawa nayo ina vituko vyake: “worthless” hakina thamani, lakini “priceless” kina thamani kubwa mno hata bei haipatikani. Usije ukamsifu mama mkwe kwa neno la kwanza.

Kuhusu ile fomu ya bima uliyoniuliza, “employer” ni mwenye lori na “employee” ni wewe. “-er” hutenda, “-ee”, ambayo Waingereza waliitoa kwenye Kifaransa cha mahakamani, mara nyingi hutendewa. Sahihi yako inakaa penye “-ee”, na usiitie kabla hujaona ya “-er”.

Wako,
Baba