Wikendi na watoto kwenye maziwa ya mizabibu, New York: maswali yenu

Barua nyingi za msimu huu zinauliza jambo moja: familia ifanyeje wikendi ya Finger Lakes, lile eneo la katikati na magharibi mwa jimbo la New York lenye maziwa 11 marefu na membamba, na mizabibu ikishuka milimani hadi karibu na maji. Wenzetu waishio Syracuse, Rochester na Buffalo wako jirani kabisa na maziwa haya, na bado wengi hawajawahi kukanyaga huko kwa kudhani ni mahali pa walevi na matajiri. Sikubaliani nao hata kidogo. Nimechagua maswali yanayoweza kuwasaidia wengi.

SWALI: Tunaishi Syracuse. Watoto wetu wana miaka 4 na 9, na mama mkwe amekuja kututembelea, magoti yanamsumbua. Mume wangu anataka tuzunguke viwanda vya mvinyo Jumamosi na Jumapili. Naona watoto watachoka na mama atakaa ndani ya gari. Nani ana haki hapa?

JIBU: Wewe, dada. Lakini shemeji naye asinyimwe, kwa sababu kiwanda kimoja kilichochaguliwa vizuri kinatosha kumfurahisha. Kosa la familia nyingi ni kutaka kuona maziwa matatu kwa siku mbili. Kwenye ramani yanaonekana yamebanana, ila yamelala kaskazini kwenda kusini na yana urefu wa kukatisha tamaa. Ziwa Cayuga peke yake ni kilomita 60 na zaidi, na hakuna daraja la kukuvusha katikati. Ukitaka ng'ambo ni lazima uzunguke ncha ya ziwa. Watoto wataikumbuka safari hiyo kama kiti cha nyuma cha gari.

Chagueni ziwa moja mkae hapo. Kwa familia yenu ningechagua Cayuga, upande wa mji wa Ithaca, na sababu ni moja: hifadhi ya Taughannock Falls. Maporomoko yake yanaanguka mita 66 kwa mkupuo mmoja, yakiyapita ya Niagara kwa kimo kwa kiasi cha mita 10. Njia ya bondeni ya kufikia sehemu ya kuyatazama ni tambarare, kama kilomita moja na robo kwenda. Kigari cha mtoto kinapita, na mama mkwe anaweza kutembea taratibu akipumzika. Upande wa pili wa barabara, hifadhi hiyohiyo ina ufuko wa kuogelea, uwanja wa michezo na meza za kulia chakula. Mkifika asubuhi mna kazi ya siku nzima mahali pamoja. Viwanda vya mvinyo viko kwenye miteremko ya jirani. Shemeji aende kwenye kimoja, baada ya chakula cha mchana, wakati yule wa miaka 4 amelala.

Jumapili nendeni soko la wakulima la Ithaca, lililo ukingoni mwa ziwa. Kuna vibanda vya mboga na matunda, na vya chakula kilichopikwa palepale na watu wa mataifa mbalimbali. Nadhani mama mkwe atapapenda hapo kuliko popote, kwa sababu soko ni soko, hata asipojua Kiingereza.

Kuhusu Watkins Glen, kwenye ncha ya kusini ya ziwa Seneca, ambako kila mtu atawaambia mwende: ni kweli pana uzuri usioelezeka, maporomoko 19 ndani ya korongo moja jembamba, na mahali pengine unapita nyuma ya maji yenyewe. Lakini njia ile ina ngazi za mawe zaidi ya 800, na mawe huteleza. Yule wa miaka 9 atafurahi mno. Mama mkwe msimpeleke. Kigari cha mtoto hakipiti kabisa. Pawekeeni safari nyingine, na siku hiyo mwanzie lango la juu ili ngazi nyingi mzishuke badala ya kuzipanda.

SWALI: Sisi ni Waislamu, pombe hatuigusi. Rafiki za watoto shuleni wanapasifia huko. Kuna maana yoyote ya sisi kwenda?

JIBU: Ipo, tena kubwa. Maji, makorongo na misitu havimwulizi mtu anakunywa nini. Na zabibu ni tunda kabla ya kuwa kitu kingine. Eneo hili lina zabibu za asili ya Amerika, maarufu zaidi ni Concord, nyeusi yenye ganda linalobanduka kwa urahisi na harufu kali tamu. Hizo ndizo za juisi na jemu. Mwezi wa Septemba wakulima huziuza vibandani kando ya barabara, na baadhi yao huwaruhusu wageni kuingia shambani kuchuma wenyewe. Mpe mtoto kikapu na umwache achume, hatasahau.

Nendeni kijiji cha Naples, kusini mwa ziwa Canandaigua, mle pai ya zabibu ambayo ndiyo fahari ya wenyeji. Ulizeni viungo kabla ya kununua, maana katika eneo la mvinyo hata jemu, haradali na chokoleti huweza kutiwa mvinyo, na wauzaji hawachukii kuulizwa. Chakula cha halali msikitegemee vijijini. Bebeni chenu, hifadhi za huko karibu zote zina meza na majiko ya mkaa ya kuchomea nyama.

Jumamosi pia kuna soko la Windmill, karibu na Penn Yan, ambako Wamenonite wengi, Wakristo wanaoshika maisha ya kale, huuza mboga, mikate na samani za mbao. Njiani mtakutana na vigari vyao vya kukokotwa na farasi. Punguzeni mwendo mnapovipita, na msiwapige picha usoni bila ruhusa.

SWALI: Mimi ni mzee wa Dodoma, niko kwa mwanangu Rochester. Nyumbani nililima zabibu. Nimeona theluji ya huku, siamini kwamba mzabibu unaweza kuishi. Wanafanyaje?

JIBU: Shikamoo mzee. Swali lako nimelifurahia kuliko yote, na utaniwia radhi nikirefusha.

Dodoma mzabibu haulali. Ukipogoa vizuri unavuna mara mbili kwa mwaka. Huku unavuna mara moja, kati ya Septemba na Oktoba, halafu majani yanapukutika na mti unalala hadi majira ya kuchipua. Kulala huko ndiko kunakouokoa, ila kuna kikomo: baridi ikifika nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, macho (vichipukizi vilivyolala) ya zabibu za asili ya Ulaya huanza kufa.

Hapo ndipo ziwa linapoingia. Maziwa haya yalichimbwa na barafu kuu za kale na ni ya kina cha kutisha: Seneca ina mita 188, Cayuga 133. Maji mengi kiasi hicho hukusanya joto kiangazi kizima na kuliachia polepole wakati wa baridi, hata Seneca ni nadra kuganda. Hewa iliyo karibu nalo hubaki na nyuzi kadhaa za afadhali. Mteremko nao husaidia, kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hushuka bondeni badala ya kutuama juu ya mizabibu. Ndiyo sababu utaona mashamba yamejipanga kandokando ya maji, na ukipanda kilima ukalipa ziwa kisogo yanapotea, unakuta mahindi na malisho ya ng'ombe. Wakati wa kuchipua ziwa hufanya kazi kinyume: bado ni baridi, hivyo linachelewesha macho yasifunguke mapema yakaunguzwa na jalidi. Hata hivyo halishindi kila mwaka. Mei 2023 jalidi ilikuja kwa kuchelewa, machipukizi yakiwa yameshatoka, na wakulima wengi walipoteza sehemu kubwa ya mavuno.

Mkono wa mkulima nao upo. Mizabibu ya Ulaya huunganishwa kwenye shina la mzabibu mgumu wa Amerika, na kila vuli udongo hurundikwa juu ya pale palipounganishwa ili baridi isipafikie, kisha huondolewa majira ya kuchipua. Kazi hii imeenea kwa sababu ya watu wachache wabishi, mmoja wao akiwa Konstantin Frank, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ukraine aliyehamia Marekani mwaka 1951. Wakati huo wengi waliamini zabibu za Ulaya haziwezi kuhimili baridi ya New York. Yeye alikuwa amezilima Ukraine kwenye baridi kali, akasema tatizo ni aina ya shina na namna ya kulima. Mfaransa Charles Fournier, aliyeongoza kiwanda kando ya ziwa Keuka, alimsikiliza na kumpa kazi. Mwaka 1962 Frank alianzisha kiwanda chake juu ya Keuka, karibu na Hammondsport, na familia yake ingali inakiendesha. Leo Riesling, zabibu nyeupe ya Kijerumani, ndiyo inayolitambulisha eneo zima.

Mwambie mwanao akupeleke Keuka mwezi wa Septemba. Omba kuongea na mtu wa shambani, si yule wa kaunta ya kuonjea tu. Ukimwambia ulikuwa ukivuna mara mbili kwa mwaka, yeye ndiye atakayekuuliza maswali.

SWALI: Nitakuwa dereva. Nikionja vikombe vidogo viwili vitatu kila kiwanda, nikila vizuri, kuna shida?

JIBU: Ipo, kaka. Vikombe vidogo vya viwanda vitatu hujumlika kuwa glasi kadhaa, na chakula hakiiondoi pombe kwenye damu, kinachelewesha tu. Jimbo la New York lina sheria iitwayo Leandra's Law, iliyopitishwa mwaka 2009 baada ya kifo cha mtoto wa miaka 11 aliyekuwa ndani ya gari la dereva mlevi. Ukikamatwa umelewa huku umebeba mtoto wa miaka 15 au chini, ni kosa kubwa la jinai hata kama ni mara yako ya kwanza. Kwa asiye raia, rekodi ya namna hiyo inaweza kumfuata hadi kwenye maombi yake ya uhamiaji. Nawaomba ninyi wote mnaosoma: dereva asionje kabisa. Anunue chupa, aifungue nyumbani. Na mkiwa wakubwa wawili, mmoja aendeshe Jumamosi na mwingine Jumapili.

Kila atakayeonja awe na miaka 21 na abebe kitambulisho, hata mwenye mvi.

SWALI: Watoto wanaweza kuogelea ziwani?

JIBU: Wanaweza, kwenye fukwe rasmi zenye waokoaji tu, na wakati waokoaji wako kazini. Kina kile nilichomweleza mzee kinaanza karibu na ukingo. Mtoto anapiga hatua chache, chini hapana kitu. Maji hubaki baridi hadi katikati ya kiangazi. Mwishoni mwa kiangazi huota mwani wenye sumu, wa rangi ya kijani kama rangi iliyomwagika. Mkiukuta, hata mguu msitie. Ndani ya mashua ndogo, sheria inataka kila mtoto wa chini ya miaka 12 avae jaketi la kujiokolea. Mkubwa naye avae.

SWALI: Ninafundisha shule ya Jumapili, Buffalo. Nataka watoto wetu waone historia ya watu weusi pia. Ipo huko?

JIBU: Ipo, mwalimu, na haina budi kuwa sehemu ya safari yenu. Nendeni Auburn, kaskazini mwa ziwa Owasco. Ndipo alipoishi Harriet Tubman, aliyetoroka utumwani Maryland na kurudi tena na tena kuwatoa wengine. Mwaka 1859 alinunua ardhi hapo kutoka kwa seneta William Seward, akawaleta wazazi wake, na uzeeni akafanikisha kufunguliwa kwa nyumba ya wazee weusi wasio na msaada. Alifariki hapohapo mwaka 1913, na kaburi lake liko makaburi ya Fort Hill. Tangu 2017 mahali alipoishi ni hifadhi ya historia ya taifa. Watoto wapewe muda wa kusimama kaburini.

Karibu hapo ni Seneca Falls, ulipofanyika mkutano wa haki za wanawake Julai 1848. Frederick Douglass, mpigania uhuru wa watu weusi aliyetoroka utumwani, alikuwepo na alizungumza kuunga mkono haki ya wanawake kupiga kura. Na waambieni watoto kwamba majina Seneca na Cayuga ni ya mataifa ya Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wenye nchi hiyo. Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la Marekani chini ya jenerali Sullivan lilichoma vijiji vyao zaidi ya 40, mahindi yao na miti yao ya matunda. Miteremko ile ilikuwa na bustani kabla ya mizabibu.

SWALI: Mvua ikinyesha?

JIBU: Jumba la makumbusho ya vioo la Corning, kusini kidogo ya Watkins Glen. Watoto wanaona kioo kikipulizwa moto mbele yao.

SWALI: Tunatoka Toronto. Tunaruhusiwa kurudi na chupa ngapi bila ushuru?

JIBU: Inategemea saa mtakazokuwa nje ya Kanada. Chini ya saa 48, hata chupa moja haina msamaha. Zikitimia 48, kila mtu mzima aliyefikia umri wa kisheria, ambao Ontario ni miaka 19, anaruhusiwa lita 1.5 za mvinyo, yaani chupa mbili za kawaida. Watoto hawahesabiwi. Kwa hiyo vukeni mpaka Ijumaa mchana, si Jumamosi asubuhi, na Jumapili msirudi kabla ya saa ileile mliyotokea. Chupa zote zitangazeni mpakani, na risiti ziwe mkononi.