Pedeli ya breki inatetemeka, nitoe fyuzi ya ABS?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikuwa natoka Gongoni narudi Malindi, mvua imenyesha kidogo, ng'ombe wakakatiza barabara nikakanyaga breki zote. Pedeli ikaanza kutetemeka na kunipiga mguuni, nikadhani kitu kimevunjika nikaachia, nikawakwepa kwa bahati tu. Rafiki yangu ati nitoe fyuzi ya ABS nibaki na breki za kawaida. Halafu ile taa ya kigari kinachoteleza huwakawaka kwenye kona zenye mchanga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Fyuzi iache palepale, na huyo rafiki mwambie asiguse gari lako.

Kule kutetemeka ndio ABS yenyewe, mfumo wa kuzuia magurudumu yasishikane ukifunga breki, ikifanya kazi, sasa wewe ukaachia wakati ule ule inakuokoa. Iko hivi, kila gurudumu lina sensa inayosoma linazunguka kwa kasi gani, kompyuta ikiona moja linataka kushikana, yaani kuacha kuzunguka, huku gari bado linakwenda, inapunguza presha ya breki ya gurudumu hilo peke yake kisha inairudisha, tena inaachia, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, mguu gani utaweza hivyo? Na ile oili ya breki inayosukumwa na pampu kurudi nyuma ndio inakupiga mguuni. Gurudumu likishashikana usukani hauna maana, utakata kulia na gari litateleza moja kwa moja mpaka kwa ng'ombe. Kwa hivyo siku nyingine kanyaga yote, shikilia, uelekeze usukani kwenye nafasi. Ila usitarajie miujiza, kwenye mchanga au kokoto ABS inaweza hata kukuongezea masafa ya kusimama, manake tairi lililoshikana hujirundikia mchanga mbele yake na huo mchanga husaidia kulizuia. Kwa hivyo barabara za vumbi punguza mwendo mapema.

Na ukitoa fyuzi, kwa magari mengi unapoteza pia ule mgao wa breki kati ya mbele na nyuma, nyuma ikashika kwanza gari linageuka lilikotoka.

Hicho kigari kinachoteleza ni mambo mengine kidogo, ni taa ya ESC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze likatoka njiani, Toyota wanaita VSC. Kuna sensa kwenye usukani inayosema wewe unataka kwenda wapi na nyingine inayosema gari lenyewe linageuka vipi, zikikosana kompyuta inapiga breki gurudumu moja bila wewe kugusa pedeli na inapunguza nguvu ya injini, kama mtu wa mtumbwi anavyozamisha kasia upande mmoja mtumbwi ukageuka. Nyuma ikichomoka, inashika gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona. Mwaka 1997 kule Sweden Mercedes A-Class ilipinduka kwenye jaribio la kukwepa mnyama, jambo lako hilo hilo, na baadaye Mercedes wakaiweka ESP, ndilo jina lao la ESC, kwenye A-Class zote.

Sasa taa. Ikiwakawaka konani kisha ikazima, nzima hiyo, inakwambia tu umeingia kwa kasi. Ikiganda imewaka, na ya ABS nayo, hapo kuna hitilafu, breki za kawaida unazo lakini huna msaidizi. Ikijiunga na ile nyekundu ya breki usiendeshe, angalia oili kwanza.

Huku kwetu chumvi ya bahari inakula sana, kwa hivyo taa ikiganda asikuuzie mtu pampu ya ABS kabla hajavua magurudumu akaangalia sensa, waya na kutu, mara nyingi ni uchafu tu au waya umekatika. Angalia na tairi, moja likiwa la saizi tofauti sensa zinachanganyikiwa.

Ukikwama mchangani lakini, bonyeza ile swichi ya kuzima TRC, mfumo unaozuia magurudumu yasizunguke bure, la sivyo injini inanyimwa nguvu na utabaki hapo hapo. Ukishatoka iwashe.