Mvivu wa mchana, kichaa wa usiku

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 34, nina fremu ya cherehani mbili hapa Majengo, Moshi. Tangu shule ya msingi naambiwa nina akili ila situlii. Kushona najua, wateja wenyewe wanakiri, lakini kazi haziishi kwa wakati. Asubuhi naanza gauni, mara nakumbuka sketi ya mtu haina zipu, natoka kununua zipu, huko nakutana na vitambaa vipya, nikirudi ni saa saba mchana na gauni liko palepale. Usiku wa kuamkia sendofu ya mtu ndipo napata nguvu: nashona mpaka alfajiri, hata maji sinywi. Kesho yake niko kitandani na simu, siwezi kufanya lolote, nalia. Jumapili nikipumzika, roho inanisuta. Kwaya nimeacha ili nipate muda. Mwaka huu mwalimu alitushauri tumpeleke hospitali mwanetu wa miaka tisa, daktari akasema ana ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya umakini usitulie. Alipokuwa anauliza maswali kuhusu mtoto, mimi nikawa naona ananiuliza mimi. Mume wangu ni dereva wa Kosta za Moshi–Arusha. Anasema hayo ni magonjwa ya TikTok, na kwamba mimi ni mvivu wa mchana na kichaa wa usiku. Nijilazimishe zaidi au nipumzike zaidi?
Fundi, Majengo

Marahaba, mwanangu.

Usijilazimishe zaidi, na hizo saa za kitanda na simu usiziongeze hata moja. Barua yako nimeisoma nikiangalia saa zako zinakwenda wapi. Saa za kazi zipo, za kulala zipo, ila katikati yake kuna fungu kubwa ambalo huwezi kuliita kazi wala mapumziko. Jumapili mwili uko kwenye kochi, kichwa kiko Majengo kinahesabu magauni ya watu. Jumatatu unafungua fremu umechoka vilevile, na hakuna pindo hata moja lililoshonwa. Hapo umekosa vyote viwili, na ndiyo maana kila ukijiongezea kimoja hupati nafuu.

Kwanza nimjibu baba watoto, maana neno lake limekukaa moyoni kuliko unavyokubali. Mwaka 1902 daktari mmoja wa watoto, George Still, alisimama mbele ya madaktari wenzake London akaeleza habari za watoto wenye akili zao timamu wanaoshindwa kutuliza umakini. Wakati huo hata redio haikuwa imefika majumbani, sembuse TikTok. Kingine ni kwamba hali hii inatembea kwenye ukoo: tafiti za mapacha zimeonyesha urithi una mchango mkubwa sana, ndiyo maana wazazi wengi huanza kujitambua wakiwa wamekaa kwenye benchi la kliniki na mtoto wao. Wasichana ndio walioachwa nyuma. Mvulana anayeruka juu ya dawati huonekana mapema, lakini msichana anayetazama dirishani huandikiwa kwenye ripoti "aongeze bidii", mambo yanaishia hapo.

Hilo halinifanyi mimi kuwa daktari wako. Nitalirudia baadaye.

Hebu tuzungumzie ule usiku, maana hapo ndipo penye kisa chote. Wewe unadhani usiku wa kuamkia sendofu unapata nguvu. Unachopata ni hofu. Mtu mwenye umakini wa aina hii mara nyingi hashindwi kufanya kazi, anashindwa kuianza. Kichwa hakiwaki kwa sababu jambo ni muhimu, kinawaka kwa sababu jambo ni jipya, linapendeza, au linawaka moto. Gauni la wiki ijayo halina hata kimojawapo. Gauni la kesho asubuhi, bibi harusi akiwa ameshapiga simu mara nne, lina moto wa kutosha. Ndipo unazama, unasahau maji, unasahau choo, unasahau hata mtoto kama amekula. Na kazi inatoka nzuri! Hilo ndilo linalokudanganya. Usiku huo ni mkopo wa kausha damu: unaupata haraka, na marejesho yanaanza alfajiri. Kile kitanda cha kesho yake unachokiita uvivu ni marejesho, mwanangu. Ukijilazimisha zaidi, unakopa tena.

Kwa hiyo hofu usiifute kabisa, maana ndiyo pekee uliyoizoea. Ikate vipande vidogo. Mteja akija Jumatatu na doti yake ya kitenge, akasema sendofu ni Jumamosi ya wiki ijayo, usimwambie "Ijumaa njoo uchukue." Mwambie Alhamisi hii aje ajaribishe, na Jumanne achukue. Miadi yote miwili iandike ukutani mbele ya cherehani kwa chaki yako ya kitambaa, herufi kubwa, maana daftari litafungwa na litasahaulika, na simu ndiyo usiitaje kabisa. Mama wa watu akija Alhamisi atataka kuona mikono imeungwa, hivyo Jumatano jioni utakuwa na hofu kidogo, ya kutosha kukuweka kwenye kiti lakini si ya kukukesha.

Halafu pima gauni moja kwa saa ya ukutani, toka kukata mpaka pasi ya mwisho. Watu wenye umakini kama wako muda huwaponyoka. Gauni unaloliita la saa tatu sitashangaa likikuchukua saa saba nzima. Ukishajua, hesabu ni nyepesi: ukutani pakijaa, fremu imejaa. Najua utasema mteja atakwenda kwa fundi wa pili. Baadhi watakwenda, waache waende. Sifa mbaya ya mafundi nchi hii haikutokana na kukataa kazi, ilitokana na "njoo kesho". Desemba ndiyo itakupima kweli, watu wakishaanza kurudi Marangu, Machame na Rombo, kila mmoja na familia yake ya kuvalishwa sare ya Krismasi. Amua mapema, kuanzia Novemba, tarehe ya mwisho ya kupokea kazi, ibandike mlangoni, na ndugu wa mume naye aisome.

Ile safari ya zipu iangalie vizuri. Zipu, nyuzi, vifungo na kitambaa cha ndani vinunuliwe siku moja ya wiki, kwa karatasi. Ukiikumbuka zipu katikati ya gauni, iandike ukutani, endelea kushona. Kama unaweza kupata binti wa kujifunza kazi, mchukue hata kama hajui kushika mkasi. Watu wengi wa aina yako hutulia wakiwa na mtu pembeni anayefanya kazi yake kimya.

Sasa kufunga. Usiniambie utaweka alamu. Alamu utaizima na hutakumbuka kwamba umeizima. Mtu aliyesimama mlangoni huwezi kumzima, na mtu huyo unaye. Baba watoto akishashusha abiria wa mwisho na kukabidhi hesabu, apitie fremu, akae kwenye kile kiti cha wateja mpaka uzime taa. Asikuhubirie, akae tu. Akikuuliza kwa nini, mwambie ni dawa ya ukichaa wa usiku alioutaja mwenyewe.

Na kahawa ya jioni iache. Mtu mzima wa kawaida huchukua kama saa tano kutoa nusu tu ya kafeini mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa moja jioni, nusu yake bado inazunguka saa sita usiku. Soda za kuongeza nguvu nazo ni hivyo hivyo. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, na umakini uliokuwa mgumu baada ya kulala vizuri huwa mgumu maradufu ukikesha.

Nimeacha mapumziko yenyewe hadi sasa kwa sababu nataka tugombane kidogo. Kwaya uliiacha kwa nini? Umeandika sentensi moja, ukapita haraka, na mimi ndiyo iliyonisimamisha. Kichwa cha aina yako ukikiacha kitupu hakipumziki, kinazurura. Ukikilaza kitandani kinachukua simu, na zile video fupi zinakipa kipya kila sekunde chache bila kukipa pumziko lolote. Mazoezi ya kwaya yana saa ya kuanza na saa ya kumaliza, yana watu watakaouliza "sauti ya pili leo mbona pungufu?", yana pumzi, yana mwili uliosimama. Huwezi kuimba huku unahesabu magauni. Ukijaribu, mwalimu wa kwaya atakuona mara moja. Hayo ndiyo mapumziko yako. Ulikata lile lililokuwa linakupumzisha ukabakiza kochi. Rudi wiki hii, na yaandike ukutani pamoja na miadi ya wateja, maana nayo ni miadi. Ukitaka nyongeza, tembea. Toka Majengo uelekee Rau asubuhi kabla ya kufungua, nusu saa, simu ukiiacha nyumbani. Mwili ukitembea, umakini unasogea kidogo. Sisemi unapona.

Roho itaendelea kukusuta kwa muda, usiogope. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu: mwanamke akionekana amekaa, majirani wanaulizana anaumwa nini. Umekulia humo na imekuingia. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumaliza siku kwa kuandika ukutani kazi ya kwanza ya kesho, kipande kidogo kabisa, kwa mfano "mkono wa kushoto, gauni la bluu". Kichwa kikishajua pa kuanzia, kinapunguza kelele.

Daktari sasa. Nenda. Hospitali ya KCMC wana idara ya afya ya akili, na hospitali ya Mawenzi pia wana huduma hiyo. Mtu akikutania kwamba unapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, mwache acheke, Dodoma huendi. Kwa mtu mzima daktari atataka kujua kama dalili zilianza kabla ya miaka 12 na kama zipo zaidi ya sehemu moja, nyumbani na kazini, kwa hiyo tafuta ripoti za shule kama mama yako amezitunza, au nenda na mtu mzima aliyekulea. Mwambie pia kuhusu kulia siku ya pili. Sonona, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na kukosa usingizi vyote vinaweza kumfanya mtu asahau na achoke hivi hivi, na vingine vinapimwa kwa damu tu. Dawa za ADHD zipo, na zimesaidia wengi, ila ni za kuandikiwa na kufuatiliwa na daktari. Vidonge vya mwanao usivionje, na vya kuuziwa na rafiki usivipokee.

Mumeo aende nawe. Madaktari hupenda kumsikia mtu anayeishi na mgonjwa, kwa hiyo ataulizwa: anasahau nini, anaanza nini asimalize, analala saa ngapi. Ajibu yeye. Wewe kaa kimya hata akisema uvivu, umwachie daktari amwulize mvivu gani anayeshona mpaka alfajiri.

Shangazi