Mpigaji mwenye nguvu akae nafasi ya ngapi?

SWALI: Assalamu alaykum, kocha. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja hapa Mambrui. Mwaka huu tumeanzisha timu ya besiboli, na tuna kijana wa kidato cha tatu ambaye akiupata mpira sawasawa, wenzake huenda kuutafuta vichakani. Mbio hana, mwili wake mzito. Mwalimu mwenzangu anashikilia apige wa nne kwa sababu ndivyo Wamarekani walivyofanya tangu zamani. Kijana mwenyewe anataka kufungua, yaani kupiga wa kwanza. Je, nafasi kwenye orodha inabadilisha chochote, au nguvu ni nguvu popote utakapoiweka? Na ni kweli kwamba anayemfuata ndiye anayemlinda?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwalimu. Nafasi inabadilisha kitu, ila ni kidogo kuliko kelele tunazopigiana juu yake. Kijana wako mimi pia ningemweka wa nne, lakini sababu yangu ni uwanja wenu na miguu yake. Desturi ya Wamarekani haimo.

Anza na idadi ya zamu. Orodha ya wapigaji tisa huzunguka kama foleni ya tuktuk mjini Malindi. Aliyeondoka na abiria akirudi hushika mkia, na iningi mpya (iningi ni kipindi ambacho timu hupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe) humwanzia yule aliyekuwa zamu yake pale iliyotangulia ilipokatika. Jioni ikifika, waliokuwa mbele asubuhi wana safari moja zaidi. Katika ligi kuu ya Marekani kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu. Zamu ya mwisho ya mechi yaweza kumwangukia yeyote kati ya tisa, kwa hiyo kila nafasi unayoshuka hukupotezea, kwa wastani, sehemu moja ya tisa ya zamu kwa mechi. Kwa msimu mzima hizo ni zamu 18. Kutoka wa kwanza hadi wa tisa ni zamu 144.

Ninyi mnacheza iningi tano, nadhani. Auti, yaani kutolewa kwa mchezaji, ni 15, tatu kila iningi. Tuseme mechi imekwisha na watu 22 wamepiga: wanne wa mwanzo wamesimama mara tatu, watano waliobaki mara mbili tu. Kwa mtoto anayeweza kugeuza mechi kwa pigo moja, pengo hilo ni kubwa. Hivyo kabla hatujabishana juu ya wa kwanza au wa nne, tukubaliane kwamba wa tano kushuka chini si mahali pake.

Jambo la pili ni nani yuko kwenye besi, vile vituo vinavyokimbiliwa uwanjani, anapofika. Homurani, yaani pigo linalomzungusha mpigaji besi zote hadi nyumbani, huleta mkimbio mmoja (pointi ya mchezaji aliyerudi nyumbani, pale anapopigia mpigaji) besi zikiwa tupu na minne zikiwa zimejaa. Katika ligi kuu, ukipima ilivyotokea miaka mingi, homurani moja huwa na thamani ya mikimbio 1.4 hivi. Wapigaji wengine wanategemeana: wa kwanza afike besi, wa pili amsogeze, wa tatu amlete. Mwenye homurani hamhitaji mtu nyuma yake, anahitaji watu mbele. Anayefungua mechi hana mtu mbele katika zamu yake ya kwanza, na katika zamu zinazofuata mbele yake wako wa nane na wa tisa, ambao kwa kawaida ndio dhaifu wenu.

Mwenzako hakukosea kuhusu historia. Mwaka 1927 Babe Ruth alipiga homurani 60 akiwa wa tatu, na Lou Gehrig akapiga 47 akiwa wa nne nyuma yake. Mwaka 1929 wachezaji wa timu yao, Yankees, walipoanza kuvaa namba mgongoni, walizigawa kwa kufuata orodha ya kupiga, ndiyo maana Ruth ni 3 na Gehrig ni 4. Lakini Wamarekani wenyewe wamebadilika. Aaron Judge alipopiga homurani ya 62 mwaka 2022, alikuwa akifungua mechi. Shohei Ohtani mwaka 2024 alianza msimu akipiga wa pili, akahamishiwa wa kwanza mwenzake alipovunjika mkono, na akamaliza na homurani 54. Kyle Schwarber, mwaka huohuo, alifungua mechi kwa homurani mara 15, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia katika msimu mmoja. Makocha wao waliona kwamba zamu za ziada zinafidia besi zilizo tupu, kwa sababu katika timu zile hata wa nane na wa tisa ni watu wa kazi.

Nafasi ya tatu ndiyo inayodanganya wengi. Inasikika ya heshima, basi mtu anamweka bora wake pale. Sasa hesabu. Wawili wa mwanzo kila mmoja akifika besi mara moja katika tatu, uwezekano wa wote wawili kutolewa ni nne kwa tisa. Yaani karibu nusu ya mechi zako, wa tatu anasimama kwa mara ya kwanza kukiwa na auti mbili na hakuna mtu kwenye besi. Wa nne ni tofauti: akiipata zamu katika iningi ya kwanza, basi katika watatu waliomtangulia yuko aliyefika besi. Hata wakitolewa wote watatu, yeye anafungua iningi ya pili na auti tatu zote mkononi. Kwa hesabu hii watafiti wa takwimu za besiboli walishauri wapigaji bora watatu wakae wa kwanza, wa pili na wa nne. Lakini usikose usingizi: tofauti kati ya orodha bora kabisa na orodha ya kawaida ya kocha mwenye busara ni kama mikimbio kumi kwa mechi 162, nayo ni sawa na ushindi mmoja.

Kuhusu kulindwa. Mwaka 1961 Roger Maris alipiga homurani 61, na mwaka mzima hakuna mrushaji aliyempa besi bure kwa makusudi (kumrushia mipira mibaya ili aende besi ya kwanza bila kupiga) hata mara moja, kwa sababu nyuma yake alisimama Mickey Mantle. Mwaka 2004 Barry Bonds alipewa besi bure za makusudi mara 120. Anayekufuata, basi, anaamua kama utarushiwa mpira wa kupigika au utakwepwa. Ila asidhani mtu kwamba ulinzi unampa mpigaji mkono mzuri zaidi. Unampa mipira ya kupiga, na kuipiga kunabaki kuwa kazi yake.

Sasa tuje Mambrui, maana hapa hesabu za Marekani zinapinda. Uwanja wenu una uzio? Viwanja vingi vya shule ninavyovijua kati ya Malindi na Ngomeni havina. Pasipo uzio wa kuvushwa na mpira hakuna homurani ya kutembea. Mpira ukiingia vichakani kijana lazima akimbie besi zote nne kabla haujarudishwa, na huyu wako unasema ni mzito. Pigo ambalo kwingine lingekuwa mkimbio wa hakika, kwenu linamwacha besi ya pili au ya tatu akihema. Hapo ndipo anapomhitaji mtu nyuma yake, si wa kumlinda, bali wa kumleta nyumbani. Mweke wa nne, na wa tano awe yule mwenye jicho zuri, asiyepiga mbali lakini asiyeukosa mpira.

Kanuni nyingine nayo inamkataza kufungua. Mkimbiaji hawezi kumpita mwenzake aliye mbele. Akimpita, aliyepita ametoka. Ukimweka mzito wa kwanza, kila mwepesi anayemfuata anakimbia nyuma ya mgongo wake. Mweleze hivyo kwa upole. Anayetaka kufungua ana hamu, na hamu hiyo usiizime.

Tazama na upepo. Kusi likishika mwezi wa Juni, mpira uliopigwa juu kuelekea lilikotoka husimama hewani ukaanguka mikononi mwa mlinzi. Miezi hiyo mfundishe kupiga chini na kwa nguvu, mpira upite katikati ya walinzi. Mabadiliko haya ya kupiga yatawapa mikimbio mingi kuliko kumhamisha kutoka wa nne kwenda wa pili.

Nakuomba ufanye jambo moja katika mechi zenu sita zijazo. Kila kijana anaposimama kupiga, mtu mmoja aandike daftarini: auti ngapi, nani yuko besi gani, na pigo limeishia wapi. Ukiona mara nyingi anakuta besi tupu, usimguse yeye. Badilisha watatu walio mbele yake, uwaweke wale wenye subira ya kuacha mpira mbaya upite wakapata besi bure, hata kama hawajui kupiga mbali. Daftari likijaa, niletee Malindi tuliangalie pamoja.