Kuchukua rangi kwenye skrini bila kubeba uchafu wake

Kwenye Windows, programu ndogo ya Color Picker iliyo ndani ya PowerToys, inayotolewa bure na Microsoft, inatosha kabisa. Bonyeza Windows, Shift na C kwa pamoja, sogeza kishale juu ya rangi, zungusha gurudumu la mausi ili kukuza sehemu hiyo, kisha bofya. Msimbo wa rangi (mfano #808080) umeshanakiliwa; kaubandike kwenye programu ya usanifu kama Figma au Inkscape. Mwenye Mac tayari anayo Digital Color Meter kwenye folda ya Utilities, ila hiyo hainakili kwa kubofya: programu ikiwa mbele, bonyeza Shift, Command na C. Ichagulie kusoma sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za wavuti. Ukiiacha kwenye thamani asili za skrini, rangi moja inaweza kutoa namba tofauti kwenye kompyuta mbili.

Lakini programu hizi husoma pikseli tu, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Hazijui mbunifu alikusudia rangi gani, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Chukulia nembo iliyotumwa kama picha ya WhatsApp. Imebanwa kuwa JPEG, na JPEG huchakata picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, huku taarifa za rangi mara nyingi zikipunguzwa kuliko za mwanga. Kwa hiyo penye mpaka wa nyekundu na nyeupe utakuta pikseli za waridi na kijivu ambazo hazimo kwenye nembo. Kuza, chukua katikati ya eneo pana lenye rangi moja, na upime sehemu tatu au nne. Misimbo ikitofautiana, usibahatishe: mwombe mteja faili asili la nembo, la SVG au PDF. Akiwa na PNG tu, aitume kama dokumenti, isibanwe.

Herufi nyembamba nazo zinadanganya, kwa sababu kingo zake hulainishwa kwa kuchanganywa na rangi ya nyuma. Vivyo hivyo kivuli au pazia lenye uwazi: nyeusi ya asilimia 50 juu ya nyeupe inasomeka karibu na #808080, na ukiibandika kama kijivu kamili juu ya picha, picha itafunikwa yote. Kitufe kinachobadilika rangi kishale kikipita juu yake, kipige picha ya skrini kwanza (Windows, Shift na S) bila kukigusa, ndipo uchukue rangi kwenye picha hiyo.

Kwa maandishi, pima pia utofauti na rangi ya nyuma. WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu #767676 juu ya nyeupe kinapita kwa shida; kijivu chochote kilicho karibu zaidi na nyeupe kinaanguka.

Kazi ya kuchapishwa ni suala jingine. Bluu kali ya #0000FF haipatikani kwa wino wa CMYK (wino nne za uchapaji: samawati, majenta, njano na nyeusi), itafifia. Omba sampuli iliyochapwa kabla ya kuidhinisha oda.