Mleta uzi, usipige huo msumari: jarrah yako bado ni mbichi

Weka nyundo chini kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili. Umepata mbao za jarrah, ule mkaratusi mgumu wa Australia, zilizopasuliwa juzi, unene milimita 25, upana 140, unataka kuzipiga kwenye sakafu ya baraza Jumamosi hii, na unauliza mafuta ya kupaka, mchwa, na kama zitakazobaki zinafaa kwa meza. Halafu katikati umepachika, kama jambo dogo tu, kwamba muuzaji kasema mkaratusi mgumu hauhitaji kukaushwa. Hapo ndipo nilipoinuka kitini.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Wa kwangu aliongeza na mbwembwe: "Hebu beba uone ilivyo nzito, maji yatapita wapi humo?" Nikabeba. Nzito kweli. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua mbao. Kumbe uzito ule ndio maji yenyewe! Jarrah kavu ina kama kilo 820 kwa mita ya ujazo. Ikiwa mbichi inapita 1,100. Kila mbao niliipakia na ndoo yake ya maji, nikailipia, nikaiteremsha kwa mgongo wangu, na ahsante nikasema.

Nilipiga sakafu nzima kwa siku mbili. Mbao nilizibana ubavu kwa ubavu, hata wembe haupiti, nikajiona fundi wa mafundi. Wiki za mwanzo hakuna kilichotokea, na huu ndio mtego wenyewe. Mti hausinyai sana wakati unapoteza maji yaliyojaa kwenye matundu yake. Unyevu ukishashuka hadi karibu asilimia 30, sasa yanaanza kutoka maji yaliyomo kwenye kuta za nyuzi zenyewe, na hapo mbao inasinyaa kwelikweli. Mimi wiki hizo nilikuwa napiga picha na kuwatumia watu.

Mwezi wa tatu tangu nipige sakafu nikaona mstari mwembamba wa kiza kati ya mbao mbili. Nikasema labda ni vumbi. Nikafagia. Baada ya muda kalamu ikaanguka, ikabingirika, ikazama. Nikachukua rula: mbao zilizokuwa milimita 140 zilikuwa 131. Milimita tisa zimekwenda kwa kila mbao, zidisha mwenyewe kwa upana wa baraza lako. Kisigino cha shemeji kilinasa mbele ya wageni, na hadi leo haamini kwamba sikukusudia.

Na mwanya ulikuwa nafuu. Kila mbao niliishika kwa misumari miwili, mmoja kila ukingo. Mbao inataka kusinyaa, misumari imeikamata huku na huku, itafanya nini? Ikapasuka katikati kwa urefu. Nyingine zilipinda kingo juu, mvua ikinyesha zinakuwa mifereji. Misumari yenyewe ilikuwa ya chuma cha kawaida, kwa hiyo kila kichwa kikatoa machozi meusi, maana tanini, ule ukakasi uliomo ndani ya mkaratusi, ikikutana na chuma na maji inageuka wino. Zege la chini likapata madoa ya kahawia ambayo nimeyasugua hadi nimeyazoea.

Nilimrudia muuzaji. Akaniambia, "Mbao ni kitu cha asili, bwana." Hata mafua ni ya asili. Sina tatizo na mtu asiyejua. Tatizo langu ni mtu anayeuza kitu kila siku, akiulizwa swali moja la maana anajibu kwa misuli.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja seremala. Hakuniuliza mengi. Alichukua mbao moja kati ya zile zilizobaki, nilizokuwa nimezibananisha chini ya turubai, akakata kipande mbali na ncha kwa sababu ncha hukauka mapema na kukudanganya. Mizani ya jikoni ikasema gramu 412. Akakiweka kwenye oveni, joto kidogo juu ya nyuzi 100, akawa anakipima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito ukagoma kushuka: gramu 268. Toa, unapata 144. Gawa kwa 268, ule uzito mkavu. Unyevu asilimia 54, na hiyo ni baada ya miezi mitatu! Mbao ya sakafu ya nje unaitaka iwe kwenye 12 hadi 15 hivi, ikaribiane na hewa ya pale itakapokaa.

Basi sheria yangu ni hii tu: pima, kausha, pima tena, ndipo upige. Muuzaji aseme, fundi aape, mizani ndiyo shahidi. Ukikuta mbichi, zipange kivulini juu ya vijiti vinavyolingana unene, upepo upite, pakaa ncha rangi nzito au nta zisipasuke, weka mizigo juu. Unene wa milimita 25 huchukua kama mwaka mzima. Ndiyo, mwaka. Usizianike juani ili kuharakisha. Ngozi ya nje itakauka na kuchanika huku ndani kumelowa.

Mchwa: kiini chekundu cha jarrah ni kigumu kwao, na Australia wanakiweka daraja la pili la uimara, yaani miaka 15 hadi 25 hata kikigusa udongo. Lakini ile sehemu nyeupe ya pembeni haina uimara wowote, ya mkaratusi wa aina yoyote ile. Ukiiona kwenye mbao, ikate. Siku ya kufunga, toboa kwanza kwa keekee, tumia skrubu zisizoshika kutu, na acha mwanya mdogo.

Mafuta yatangoja. Ukiyapaka leo utakuwa unapaka juu ya maji. Uliuliza na kitu kingine, meza sijui. Kata kipande leo jioni, kipime, ulete gramu zako hapa kabla ya Jumamosi.